Nani Atakutaja Usipokuwepo

Mshahara ukishaingia, tulikuwa tunakutana kwenye stoo ya karatasi kwa mchezo wetu wa upatu. Ofisi yetu ilikuwa hapa Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na chumba kile ndicho pekee kilichokuwa na mlango unaofungika kwa ndani. Tulikuwa kumi na wawili. Kijumbe wetu alikuwa dada wa masijala, mwanamke asiyekosea hesabu, na daftari lake alilivalisha gazeti la zamani lisichakae. Kila mmoja alitoa shilingi 100,000. Kijumbe alihesabu mara mbili, akamwita mwenye zamu, akamkabidhi, sote tukashuhudia. Shughuli yote ilichukua dakika ishirini. Dakika nyingine arobaini zilikwenda kwenye mazungumzo: mtoto wa nani kalazwa, nani kafiwa na tunakwenda lini, nani ana sare ya harusi ya kulipia. Nilijua presha ya mama mkwe wa kila mmoja wao inasomaje.

Wiki moja ya namna hiyo ilibandikwa barua ubaoni. Mkuu wa kitengo kimoja alikuwa anastaafu, na aliyeteuliwa kukaimu nafasi yake alikuwa kijana aliyehamia pale mwaka mmoja tu nyuma. Mwenzetu mmoja wa mchezo alikuwa na miaka tisa kwenye kitengo hicho. Taarifa za robo mwaka alizokuwa akizisaini mkuu yule, aliyeziandika ni yeye. Aliisoma barua, akarudi mezani kwake, akaanza kupanga kalamu kwenye kikombe, moja baada ya nyingine. Kwa nilivyojua siku ile, sisi wote kumi na wawili hatukuwa na habari kwamba bosi anaondoka. Wanaume wa ofisi walikuwa wanajua. Jioni walikaa pamoja kwenye nyama choma, na ni pale mzee anayestaafu alipouliza nani anafaa kushika kiti kwa muda. Jina likatajwa, likazoeleka masikioni, likaandikwa. Miezi tisa baadaye kaimu akathibitishwa, kama kaimu wengi wanavyothibitishwa.

Picha ya kalamu zile hunijia kila ninaposikia kuhusu semina za uongozi wa wanawake. Nyingi huanza kwa kudhani kwamba sisi hatuna mitandao, tufundishwe kuijenga. Mitandao tunayo. Upatu, kikoba, chama, kamati ya harusi, kamati ya msiba, kundi la wasap la wazazi wa darasa la tatu: mwanamke mmoja wa Dar es Salaam au Nairobi huwa kwenye vikundi vitano au sita kwa wakati mmoja na anavimudu vyote. Swali linaloniumiza kichwa ni kwa nini vikundi hivi vinatubeba vizuri namna ile msibani na harusini, halafu vikifika kwenye mlango wa chumba cha mikutano vinatuachia hapo. Ninavyoona mimi, tulivijenga kwa ajili ya fedha na majanga, na habari za kazi tukaziacha nje ya stoo. Mwanamke anaweza kuwa na kipaji, elimu na moyo, lakini asipokuwa na watu wanaoijua kazi yake na walio tayari kumtaja asipokuwepo, uongozi wake unaishia kwenye taarifa anazozisaini mwingine.

Siku hizi kuna msemo unaopendwa sana kwenye mafunzo ya kazini: ongoza ukiwa wewe mwenyewe. Wazo hilo lilienezwa sana na Bill George, Mmarekani aliyewahi kuongoza kampuni ya vifaa tiba ya Medtronic, katika kitabu chake cha 2003. Alisema kiongozi asiige mtu. Asimame kwenye maadili yake na historia yake, watu wamwamini kwa sababu hana sura mbili. Ni wazo zuri na ninaliheshimu. Lakini mwaka 2015 Herminia Ibarra, mwalimu wa masomo ya uongozi, aliandika makala akionyesha mtego uliomo ndani yake. Mtu akipanda cheo hukutana na mambo ambayo hajawahi kuyafanya, na ule "mwenyewe" anaoujua ni wa cheo cha zamani. Akiung'ang'ania kwa jina la ukweli, hakui. Kwa maoni ya Ibarra, mtu huujua uongozi wake kwa kuujaribu, kwa kuvaa tabia mpya kidogo kidogo mpaka zimkae.

Kwa mwanamke wa kwetu mtego huo una kamba ya pili. Huyo "mwenyewe" ni yupi? Ofisini anaitwa mama. Mkurugenzi ni mama, mhasibu ni mama, anayepika chai ni mama. Jina hilo lina heshima kubwa na sitaki livuliwe. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, nchi ilimwita Mama kabla haijazoea kumwita Rais. Hata hivyo mama huja na mzigo wake. Mama hasemi hapana, mama husamehe, mama hukumbuka siku za kuzaliwa na kuhakikisha wageni wamepata soda. Mkuu wa idara mwanaume akikataa ombi la ruhusa, amefuata utaratibu. Mwanamke akilikataa ombi lilelile, amekuwa na roho mbaya. Ndiyo maana wengi hukimbilia upande wa pili, wakakaza sauti na uso na kuiga ukali wa bosi waliyemkuta, hata wenzao wakawaogopa. Ukimwambia mwanamke aliyebanwa katikati hapo "kuwa wewe mwenyewe" kisha ukaondoka, hujamsaidia. Anahitaji mahali pa kujaribu sauti yake mbele ya watu watakaomwambia ukweli bila kumvunja. Mahali hapo ni kikundi.

Hili si geni kwetu, na mfano wake bora uko hapahapa mjini. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, wanawake wao wako wapi. Aliyetafutwa ni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, wakati huo akijulikana mjini kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuwa na ofisi wala shahada. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyekaa na Bibi Titi na wenzake na kuyaandika maisha yao katika kitabu kilichotoka 1997, anaeleza namna kazi ilivyofanyika: Bibi Titi alianzia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Kila kikundi kilikuwa na mkubwa wake, watu wake wanaojuana, na desturi ya kuitana. Ukimpata mkubwa mmoja umepata nyumba nyingi. Ndani ya miezi michache wanachama wanawake walikuwa wamefika kama 5,000.

Nakaa kidogo kwenye mfano huu, maana huwa unasimuliwa kama muujiza wa mtu mmoja mwenye sauti nzuri. Sauti alikuwa nayo, hakuna ubishi. Lakini fikiria alijifunza nini kwenye ngoma kabla TANU haijamjua. Kusimama mbele ya umati usiomtii kwa sababu ya cheo. Kusikia haraka watu wamechoka wapi na wamechangamka wapi. Kuwapatanisha wanawake waliogombana kuhusu sare. Kukusanya michango na kueleza imetumikaje. Kwa hiyo alipopanda jukwaani hakuhitaji kuvaa tabia ya mtu mwingine, wala wanawake waliomfuata hawakuwa wanaanza kumwamini siku hiyo. Kiongozi alikuwa ameshapikwa, ila mpishi alikuwa kikundi ambacho wanasiasa walikiona ni cha starehe.

Mombasa nako ilikuwa hivyo. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji ule, alionyesha kwamba vyama vya ngoma ya lelemama vilikuwa na ngazi za vyeo na ushindani mkali, na mwanamke alipanda kwa kugharimia karamu. Katika miaka ya 1950 vikaja vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulika na elimu na maendeleo, na ustadi wa kuongoza haukuanzia kwenye vyama hivyo vipya. Katika Kenya ya kati, miaka ya 1960, wanawake walichangishana wakaezekeana nyumba kwa mabati, moja baada ya nyingine, mpaka vikundi vyenyewe vikaitwa vya mabati. Vikoba vinavyoenea Tanzania leo navyo vina ukoo wake wa mbali: mfumo wa kuweka na kukopa ambao shirika la CARE liliuanza na wanawake wa Niger mwaka 1991. Nguvu ya kukusanyana ipo, na imeshathibitika kwa fedha, kwa nyumba, hata kwa kura.

Ofisini kuna nini, basi, kinachoifanya ilegee?

Mwaka 1992 Ibarra huyohuyo alichapisha utafiti uliofanywa katika kampuni ya matangazo nchini Marekani. Alichora nani anazungumza na nani, na kuhusu nini. Wanaume walikuwa na mtandao mmoja: mwanaume waliyecheka naye ndiye aliyewapa habari za kazi na kuwaunga mkono. Wanawake walikuwa na miwili. Urafiki na faraja walivipata kwa wanawake wenzao, lakini walipotaka ushauri wa kazi au ushawishi walikwenda kwa wanaume. Niliposoma hayo niliiona stoo yetu. Sisi tulipeana faraja dakika arobaini, halafu tukatoka tukasubiri habari za kazi zitoke kwa mtu aliyekuwa akizipeleka kwanza kwenye nyama choma.

Halafu kuna jambo ambalo mwanasosholojia Mark Granovetter alilieleza mwaka 1973, nalo linakwenda kinyume na tunavyohisi. Aliwauliza watu walivyopata kazi, akaona kwamba habari nyingi za nafasi hutoka kwa watu wanaofahamiana nao juujuu kuliko kwa marafiki wa chanda na pete. Sababu yake ni nyepesi: rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua wewe. Yule mliyesoma naye mwaka mmoja, uliyemkuta kwenye warsha Morogoro mkapeana namba, ndiye mwenye habari ya upande usioujua. Wanaume wa ofisini hukutana na watu kama hao kwenye mpira, baani, msikitini baada ya swala ya jioni, na safarini. Safari za kikazi zina posho, na wengi huzitazama kwa posho tu. Mimi naona hasara kubwa ya mwanamke anayezikataa kwa sababu ya watoto ni watu ambao hatakutana nao.

Utafiti ulioniridhisha kuliko yote ulitoka 2019. Yang Yang, Nitesh Chawla na Brian Uzzi waliwafuatilia wahitimu wa shule ya biashara ya Marekani na kuangalia waliingia kazini kwa vyeo gani. Kwa wanaume, kilichohusiana na cheo kikubwa ni kuwa katikati ya mtandao mpana. Wanawake waliofika juu walikuwa nao upana huo, lakini walikuwa na cha ziada: duara la ndani la wanawake wachache waliokuwa karibu nao sana. Duara hilo liliwapa habari ambazo hazibandikwi ubaoni, kama vile kampuni ipi huwatendaje wanawake na kwenye usaili mwanamke huulizwa nini. Wanawake waliokuwa na upana bila duara hawakufika mbali hivyo. Na duara lilisaidia zaidi pale ambapo kila mmoja wao alikuwa na watu wake wa nje. Kwa hiyo kile kikundi cha stoo si kitu cha kuacha tukitaka kukua. Ni nusu ya kinachotakiwa, na nusu ngumu kuipata. Ilibaki tukifungue kwa nje na tubadilishe kinachozungumzwa ndani.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Pwani msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa aliyekabidhiwa kumfunda mambo ya utu uzima, na uhusiano huo haukuisha siku ya kutolewa nje. Kungwi alifundisha kundi, somo alikuwa wako. Wengi wetu kazini tumepata somo wa namna fulani, bosi au dada mkubwa anayetushauri namna ya kuandika barua ya maombi na namna ya kumjibu mkali. Mwaka 2010 Ibarra na wenzake wawili walionyesha kwamba katika makampuni makubwa wanawake walishauriwa sana kuliko wanaume na bado wakapandishwa kidogo kuliko wao, kwa sababu washauri wao hawakuwa na nguvu ya kuwatetea, au hawakuitumia. Ushauri hutolewa chumbani mkiwa wawili. Utetezi hutolewa kwenye kikao ambacho wewe hukualikwa. Lakini kumbuka kwamba somo wa kweli naye hakuishia kufunda. Siku ya arusi alisimama mbele za watu akabeba dhamana, na bibi arusi akiaibika, aibu ilimfika naye. Anayekushauri kila wiki miaka mitatu na hajawahi kulitaja jina lako mbele ya mkurugenzi amekufunda akakuachia njiani, na una haki ya kumuomba kwa adabu akumalizie safari.

Sasa niingie kwenye neno linalosemwa kila mahali na linaloniudhi kuliko yote: wanawake hawapendani, adui wa mwanamke ni mwanamke. Sitakana kwamba yapo. Nimefanya kazi chini ya bosi mwanamke aliyekuwa mpole kwa wanaume na mwiba kwetu. Ila tuulize hutokea lini. Rosabeth Moss Kanter, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu shirika moja kubwa la Marekani, alieleza yanayompata mtu anapokuwa mmoja au wawili katikati ya wengi wasiofanana naye. Anatazamwa kila anapogeuka, kosa lake linakuwa kosa la wote wa aina yake, na walio wengi humpima kwa namna anavyojitenga na wenzake. Akicheka wanapowacheka wanawake, amepita. Belle Derks na wenzake wa Uholanzi walichapisha mwaka 2011 utafiti uliowahusu polisi wanawake wenye vyeo. Walipokumbushwa ubaguzi walioupitia, wale waliokuwa hawajihesabu sana upande wa wanawake walijitenga zaidi na wenzao. Waliojihesabu kwa moyo walipata hamu kubwa zaidi ya kuwasaidia wanawake wa chini yao. Chanzo cha uadui ule ni viti vichache na namna vinavyogombewa. Mahali palipo na kiti kimoja cha "mwakilishi wa akina mama", wawili watagombana, na aliyekiweka kimoja atasema mnaona, hawapendani.

Tazama pia tunavyoitwa tukikutana. Wanaume watatu mlangoni kwa mkurugenzi wanashauriana. Wanawake watatu kwenye ngazi wanafanya umbea. Lawama hiyo imetufanya wenyewe tuone haya kuzungumza habari za vyeo na mishahara, tukajizuilia kwenye mambo ya watoto, yasiyomtisha mtu. Nami nimefanya hivyo miaka mingi.

Wangari Maathai wa Kenya hakuona haya, na kisa chake cha kazini hakisimuliwi sana kama kile cha miti. Mwaka 1966 alirudi Nairobi kutoka Marekani na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi, akakuta nafasi imepewa mtu mwingine. Alianza upya kwenye idara ya anatomia ya mifugo, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Katika kumbukumbu zake za 2006 anaeleza alivyogundua kwamba wahadhiri wanawake hawapati haki za nyumba na matibabu sawa na wanaume, kwa dhana kwamba mke ana mume wa kumtunza. Yeye na rafiki yake mwalimu, Vertistine Mbaya, wakaanza kudai. Hawakuungwa mkono na wanawake wengi kama walivyotarajia, na njia ilikuwa ndefu. Ninachokichukua hapo ni hesabu: wawili. Mmoja peke yake ni mkorofi. Wawili wanaolinganisha barua zao za ajira mezani na kuona tofauti kwa macho yao wameshakuwa ushahidi. Urafiki wa wawili hao ulidumu maisha, ukaingia hadi kwenye kazi ya kupanda miti ya Green Belt iliyoanza 1977.

Hayo ya kulinganisha barua ndiyo ningependa yaingie kwenye mazungumzo ya mwisho wa mwezi. Nani yuko ngazi gani ya mshahara na aliingia lini. Nani anastaafu mwaka huu. Kamati gani inaundwa na nani anapendekeza majina. Nani alikaimu mara ya mwisho na aliteuliwaje. Kwenye kikao chenyewe kuna jambo dogo ambalo wasaidizi wanawake wa Ikulu ya Marekani walikubaliana mapema katika utawala wa Barack Obama, na gazeti la Washington Post likaliandika 2016. Mwanamke akitoa wazo, mwanamke mwingine alilirudia kwa kumtaja aliyelitoa, ili lisije likadaiwa na mtu mwingine dakika kumi baadaye. Sisi tuna utamaduni wa kuitikia. Kwenye taarabu, kwenye maulidi, kwenye ngoma, sauti ya kwanza haiachwi peke yake hewani. Kusema "kama alivyotueleza Bi. Fulani" si kazi ngumu kwa watu waliolelewa hivyo.

Yako mambo ambayo wawili au kumi na wawili hawayawezi, na hapo vyama vya taaluma vimefanya kazi kubwa. TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake Tanzania, kilianza 1987, na FIDA ya Kenya, ya wanasheria wanawake, mwaka 1985. Majaji na mahakimu wanawake wa Tanzania waliunda TAWJA mwaka 2000, nao walilisema kwa sauti jambo lililokuwa likisemwa kwa minong'ono: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja kuwa kosa, lakini kifungu hakitembei chenyewe. Binti anayeambiwa cheo kina bei yake anahitaji kwanza mtu wa kumwambia, atakayemwamini siku hiyohiyo na kumkumbusha atunze ujumbe ule wa simu. Naye Chama cha Waajiri Tanzania, kwa kushirikiana na waajiri wenzake wa Norway, kimeendesha mafunzo ya Mwanamke Kiongozi tangu katikati ya muongo uliopita, kwa mfano wa mpango ambao Wanorway waliuanza kwao 2003, mwaka ambao bunge lao lilipitisha sheria ya asilimia 40 ya wanawake kwenye bodi. Nikiangalia waliopita kwenye mafunzo ya aina hiyo, wanachokitaja miaka mitano baadaye mara nyingi ni watu waliokaa nao darasani.

Lakini hata mtandao bora unahitaji muda, na muda wa mwanamke una wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi. Baba anapewa siku tatu. Kenya, kwa sheria ya 2007, mama ana miezi mitatu, baba wiki mbili. Siku tatu zinaeleza wazi nani anatarajiwa kuwa nyumbani kila jioni kuanzia hapo. Ndiyo maana sipendi mikutano ya "kujenga mitandao" inayoanza saa kumi na mbili jioni hotelini. Stoo ya karatasi saa saba mchana ilikuwa na akili zaidi.

Na wengi wetu tunaofika kwenye mikutano hiyo tumefikishwa na dada wa kazi. Ni lazima tuliseme hili bila kuficha. Kila mkurugenzi mwanamke ninayemfahamu ana mwanamke mwingine jikoni kwake, mara nyingi msichana wa mkoani, anayeamka saa kumi na moja alfajiri. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2011 unamhesabu kuwa mfanyakazi kama mwingine, na CHODAWU Tanzania na KUDHEIHA Kenya ni vyama vya wafanyakazi ambavyo angeweza kujiunga navyo. Wangapi kati yetu tunaosema mbele za watu kuhusu kuinuana tumemwandikia huyu mkataba, au tunajua siku yake ya mapumziko ni ipi? Uongozi wa kweli wa mwanamke ningeupima hapo kwanza, kabla ya kuutazama jukwaani, kwa sababu hapo ndipo mwenye nguvu ni yeye.

Kwenye mchezo wetu wa stoo tulikuwa pia na dada wa usafi. Hakuwa mwajiriwa wa ofisi. Alikuwa wa wakala, na mkataba wake ulihuishwa kila miezi mitatu. Alipoomba kuingia tulijadiliana, tukamkubalia. Wiki chache baada ya barua ile kubandikwa nilimkuta akipangusa meza ya mwenzetu, zile kalamu zikiwa kwenye kikombe, nikamwambia kwamba jambo lile lilitushtua sote. Akasimamisha kitambaa. Akasema yeye alijua kitambo, kwani mzee alimwomba amtafutie maboksi ya kufungia vitabu, miezi miwili kabla, na ndiye aliyemsaidia kuvipanga. Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza habari yoyote ya ofisi.

Kwenye daftari la kijumbe jina lake lilikuwa mstari wa kumi na mbili. Tulikuwa tumempangia zamu ya mwisho, tusije tukampa fedha mapema halafu wakala akamwondoa.